Buluu Kwenye Ncha ya Kisu cha Mama

Kisu chenyewe ni cha chuma cha kaboni, aina inayoota kutu ukikisahau na maji usiku mmoja tu. Mama amekitumia miaka mingi hadi bapa lake likawa la kijivu lenye mawingu-mawingu, rangi ambayo chuma hicho huipata chenyewe kwa kukata vitunguu na ndimu. Kwenye mpini pana bonde dogo lililochimbwa na kidole gumba chake.

Jioni moja kiliteleza juu ya ganda la kitunguu kikamwingia kwenye kidole cha shahada. Kidonda hakikuwa kikubwa, lakini nilikasirika, na hasira ile niliielekeza kwenye ubutu wa kisu. Kisu butu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo haijui pa kusimama kisu kikishateleza. Nikamwambia mama, "Nipe, kesho nitakuletea kikiwa wembe."

Jirani yetu alikuwa na mashine ya umeme ya kunolea, lile jiwe la duara linalozunguka kwa kasi. Nilikuwa nimeona watu wakinolea mapanga na majembe juu yake, nikaona kisu kitakuwa kazi nyepesi zaidi. Kumbe wembamba wake ndio ugumu wa kazi. Jembe lina mwili wa kuupokea moto na kuusambaza. Ncha ya kisu haina pa kuupeleka. Nilipita mara mbili vizuri. Mara ya tatu nilipunguza mwendo kwenye ncha, pale bapa linapojipinda, kwa sababu niliogopa kuliharibu umbo. Kwa hofu hiyo nikakaa palepale sekunde chache zaidi. Ikatokea rangi ya manjano kama nyasi kavu, ikawa kahawia, ikapita zambarau, ikasimama kwenye buluu. Yote hayo kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Nilikitumbukiza kwenye maji, kikalia chii. Buluu haikutoka. Nikachukua steelwire ya kusugulia sufuria, nikasugua mpaka rangi ikaisha na chuma kikang'aa. Nikajaribu kwenye karatasi, ikakatika bila hata sauti. Nikampa mama kisu chake nami nikijiona nimemtendea wema.

Siku ya tatu niliona kitu ambacho mpaka leo kinaniuma nikikikumbuka. Mama alikuwa amehamia nyuma ya kisu. Kazi zote za ncha, kuchokoa na kuanza kupasua, alikuwa akizifanya kwa makali ya karibu na mpini, akikunja kiwiko kwa namna isiyo yake. Hakuninung'unikia hata neno moja.

Nikakibeba kwa mzee mmoja aliyekuwa akinoa visu kwa kazi. Hakuuliza kitu. Alikigeuza, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali, taratibu, kutoka mpini kwenda mbele. Alipofika karibu na ncha akasimama.

"Hapa palipata buluu?"

"Ndiyo, mzee. Lakini niliisugua ikatoka."

"Rangi umeitoa, mwanangu. Ulaini bado umo."

Akachukua tupa ndogo, akaigusisha kidogo kwenye makali ya katikati: ikateleza kama juu ya kioo. Akaigusisha kwenye ncha: ikang'ata. Kwa mguso ule mmoja nilielewa kuliko ambavyo maneno yangenielewesha, ingawa maneno nayo alinipa. Chuma cha kisu hufanywa kigumu kwa kupashwa moto mkali sana, zaidi ya nyuzi 750 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla. Baada ya hapo hupashwa tena moto mdogo, wa nyuzi 200 hivi, ili kisivunjike kama kigae. Buluu hujitokeza chuma kinapokaribia nyuzi 300, na hapo ugumu umeshaanza kupungua. Yale maji yangu yalikuwa ya bure, kwani kupoza ghafla hakurudishi ugumu mpaka chuma kifike tena kwenye ule moto wa kwanza, na hiyo ni kazi ya mhunzi.

"Dawa ni kuila sehemu laini mpaka tufike kwenye ngumu," alisema. Kisha akanisogezea kinoo. "Wewe ndiye utakayeila."

Kinoo kilikuwa kimeloweshwa, namba 220, kikwaruzo kama mchanga. Bapa la kisu cha mama lina upana wa sentimita 4, na ili makali yakae kwenye pembe ya nyuzi 15, mgongo unapaswa kuinuka sentimita 1 hivi juu ya jiwe, yaani kama unene wa kidole changu cha mwisho. Nilikiweka kidole hapo kwanza kupima, nikakitoa, nikaanza. Mzee alikuwa amepaka wino mweusi kando ya makali. Nilisugua kama mara ishirini, akaniambia nitazame. Wino ulikuwa umefutika juu, lakini kwenye makali yenyewe ulibaki mstari mweusi. Mkono wangu ulikuwa umelala. Nilikuwa nasugua bega la makali, si makali. Nikainua mgongo kidogo tu, kidogo ambacho macho hayakioni, na mstari ukaisha.

Kazi ya ncha ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Kila baada ya muda alinipa tupa nijaribu mwenyewe. Iling'ata, ikang'ata, mpaka mara moja ikateleza. Ncha ilikuwa imepungua karibu milimita 6.

Baada ya hapo akanifundisha kusubiri mkwaruzo. Ukinoa upande mmoja vya kutosha, chuma chembamba hujikunja kuelekea upande wa pili, nawe unakisikia kwa kidole ukikipitisha kutoka mgongoni kwenda nje, wala si kando ya makali. Kabla hujakisikia urefu wote, kuanzia mpini hadi ncha, hujamaliza upande huo, hata kama umechoka. Unageuza, unafanya vilevile. Kisha tukahamia kinoo cha namba 1000, kisha 3000, maana namba ikipanda jiwe huwa laini zaidi, kila mara kwa mkono mwepesi zaidi, na mwisho kwenye kipande cha ngozi, tukivuta kwa kurudi nyuma ili kuondoa kile kilichobaki kimejikunja.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama yote, kuanzia jiwe la umeme. Alikuwa ameshakishika kisu, kidole gumba kwenye bonde lake.

"Nilijua tangu siku ile," alisema. "Ulikirudisha ncha inang'aa. Kisu changu hakijawahi kung'aa."

Akakipima kwa jicho. "Na sasa kimepungua."

"Kimepungua, mama. Nisamehe."

Akachukua kitunguu, akakilaza, akashusha ncha katikati ya ganda. Kiwiko chake kilikuwa kimenyooka.