Siku moja maishani mwangu: kiongozi wa msafara Angkor

Binamu yangu wa Kilwa Masoko hunitumia ujumbe uleule kila nikiweka picha: "Wewe unakula bata tu." Picha ni ya hekalu la Angkor Wat, jua linachomoza, minara imejipindua kwenye maji ya bwawa. Simlaumu, maana picha haimwoneshi aliyekosa usingizi ili ipatikane. Mimi ni kiongozi wa msafara. Nawapokea Watanzania uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, nafika nao Siem Reap, Kambodia, nawazungusha siku nne na kuwarudisha kwao wazima. Kuelezea mahekalu si ruhusa yangu. Kazi hiyo ni ya mwongozaji mwenyeji mwenye leseni, na tunaye mmoja hodari sana. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo namwita Bong, kama sisi tunavyosema kaka. Bong anasema Kiingereza, mimi natia Kiswahili. Yaliyobaki yote ni yangu: maji, vyoo, tiketi, vidonge vya presha, na kuhesabu. Safari hii wako kumi na mmoja. Siku ninayoisimulia ni ya pili, mwishoni mwa Machi, wakati wa joto kali.

Saa tisa na nusu usiku. Naoga, nashuka jikoni kuhesabu maboksi ya kifungua kinywa na chupa za maji, mbili kwa kila mtu. Jana usiku nilitazama kalenda ya mwezi, maana siku takatifu za Kibuddha ghorofa ya juu ya Angkor Wat hufungwa. Leo iko wazi.

Saa kumi na robo. Shikamoo kumi na moja, kwani karibu wote wamenizidi umri. Napita shingo baada ya shingo kukagua tiketi. Ya siku tatu ni dola 62, ina picha yako mwenyewe, na kila hekalu wanaitazama. Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, ameiacha chumbani. Napanda ghorofa ya tatu mbio, narudi nayo.

Saa kumi na moja alfajiri. Tunavuka handaki la maji kwa tochi. Lina upana wa meta 190 hivi na limelizunguka hekalu lote. Bong anapenda kuanzia hapo, na mimi napenda kumtafsiria hapo, maana wengi hudhani maji yale ni pambo au ngome tu. Hekalu limekaa juu ya mchanga. Mchanga uliolowa hushikamana na kubeba mzigo. Ukikauka unaachia, na mawe yanaanza kuhama. Kwa hiyo jengo la karne ya 12, lenye mnara wa kati wa meta 65, limesimama mpaka leo kwa msaada wa maji yaliyo chini yake. Sisi wa visiwani tunajua maji yanavyobomoa kuta. Huku yanazishikilia.

Jua lilitoka saa kumi na mbili na dakika chache. Angkor Wat inatazama magharibi, tofauti na mahekalu mengi ya Wakhmer, ndiyo maana asubuhi jua huchomoza nyuma ya minara. Watu walinyamaza. Mimi niliipa minara mgongo, nikawatazama wao mmoja mmoja mpaka nikapata kumi na mmoja. Nyuso zao zilikuwa zimegeuka rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya macheo, na siwezi kusema ni ndogo.

Kisha tukaingia kwenye ukumbi wa michongo, upande wa mashariki, penye ukuta wa karibu meta 49 unaoonesha kusukwa kwa bahari ya maziwa. Miungu 88 upande mmoja, majitu 92 upande wa pili, wote wameshika joka moja refu, wanalivuta huku na huku mpaka bahari itoe maji ya uhai. Neno la Kiingereza la Bong halikunisaidia. Nikasema tu, "Wanasukasuka maziwa kama kwenye kibuyu." Mama Mwalimu akapiga makofi. Yeye ni wa Moshi, amefundisha miaka 37. "Sasa umesema," akaniambia. Maneno yale mawili yalinitosha mshahara wa asubuhi ile.

Sikujua kwamba saa moja baadaye nitakuwa nambembeleza mama huyohuyo.

Ghorofa ya juu inaitwa Bakan. Walinzi huruhusu watu mia moja tu kwa wakati mmoja, wengine wanangoja kwenye foleni uani. Magoti na mabega lazima yafunikwe, tena kwa nguo yenye mikono; mtandio haukubaliki. Nilikuwa nimesema mezani wakati wa chakula cha jioni, nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, nikarudia ndani ya basi. Tulikaa foleni karibu saa nzima, jua limeshapanda. Tulipofika mbele, mlinzi, binti wa miaka ishirini na kitu, akampungia Mama Mwalimu mkono asipite. Mama alikuwa amevaa gauni lisilo na mikono, mabegani amejitanda kanga.

"Mwambie hii ni kanga," akaniambia, kama vile tatizo lilikuwa binti hajaitambua.

Nikamwambia Bong kwa Kiingereza, Bong akamwambia binti kwa Kikhmer. Jibu likarudi kwa njia ileile: nguo yenye mikono, bibi.

"Mwanangu, tafsiri vizuri. Mwambie kanga ni stara. Nimebebea watoto wangu wanne kwa kanga. Nimemzika mume wangu nikiwa nimejitanda kanga. Naingia nayo kanisani, mchungaji mwenyewe ananipisha. Leo niambiwe niko uchi mbele ya mawe?"

Nilitafsiri neno kwa neno, maana nilihisi ni haki yake. Binti alisikiliza mpaka mwisho, viganja amevikutanisha kifuani kama wanavyosalimia wao. Akajibu taratibu. Bong akageuka kwangu: anasema bibi yake naye ana krama, ile shuka ya mirabaraba wanayojifunga kichwani, wanayobebea watoto na kufutia jasho, na hata bibi yake haruhusiwi kupanda nayo peke yake.

Hapo nilidhani yameisha. Mama Mwalimu akakaa chini, kwenye jiwe, katikati ya njia.

Nyuma yetu foleni ikaanza kunung'unika kwa lugha nne au tano. Wenzake nao wakagawanyika. Mfanyabiashara wa Kariakoo akasema, "Mama, panda au toka, tumelipa hela hapa." Mwingine akamjibu kwamba mtu mzima hasemeshwi hivyo. Wawili wakaenda kutafuta choo bila kuniaga, hesabu ikawa tisa. Bong akaniuliza kwa macho. Nilichuchumaa mbele ya mama nikambembeleza, nikamweleza kwamba watu wale wanaabudu humo mpaka leo, si jumba la makumbusho. Hekalu lilijengwa kwa ajili ya Vishnu, baadaye likawa la Kibuddha, na uvumba unawaka humo. "Mimi sikatai kuheshimu," akasema, sauti imeshuka. "Nakataa kuambiwa sijaheshimu." Nilikosa la kujibu. Mpaka leo naona alikuwa na haki, na binti wa watu naye alikuwa na haki.

Binti ndiye aliyevunja ukimya. Alionesha maandishi ya kwenye kanga, akauliza yanasemaje. Nikasoma: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Ilichukua muda kuvuka lugha tatu. Ilipofika kwake akacheka, akaziba mdomo, akamwita mlinzi mwenzake aje asikie.

Nikavua shati langu la kazi. Lina mikono mirefu, na chini yake nilikuwa na fulana ya ndani tu, iliyokata mabega. Mama akalivaa juu ya gauni, kanga akajifunga kiunoni. Wale wawili wakarudi kutoka chooni. Wakapanda kumi na mmoja pamoja na Bong. Mimi nikabaki chini na mabegi, maana kwa fulana ile nisingepita. Huu ni msafara wangu wa nne Angkor na sijawahi kufika Bakan. Wa kwanza ilikuwa siku takatifu. Wa pili nilikaa na mgeni aliyepanda presha. Wa tatu mtoto wa chini ya miaka 12 alizuiwa, nikakaa naye. Nimeitafsiri mara zote, kwa maneno ya Bong.

Hekalu la Bayon tulifika saa nne, joto limeshakaza. Watu hupiga picha zile nyuso kubwa za mawe minarani wakaondoka, lakini utamu uko kwenye kuta za nje. Mfalme Jayavarman wa Saba aliacha humo maisha ya watu wa kawaida: mwanamke anajifungua, majogoo wanapiganishwa, samaki wanauzwa, mizani inapima. Mjumbe wa China, Zhou Daguan, aliyekaa Angkor mwaka 1296 na 1297, aliandika kwamba biashara ya huko ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mfanyabiashara wetu wa Kariakoo alisimama mbele ya mama mmoja wa jiwe aliyekaa na bidhaa zake mpaka nikalazimika kumvuta mkono. Mbele kidogo kuna vita vya majini. Maadui wana kofia kama ua lililopinduliwa. Hao ni Wacham, waliouvamia mji huu karne ya 12.

Na saa sita na nusu chakula tulikula kwa Wacham. Wajukuu zao waliopo Kambodia wengi ni Waislamu, wana msikiti wao Siem Reap, na mimi hupeleka misafara yangu kwa mama mmoja wa Kicham anayepika samaki kwa nazi. Niliswali adhuhuri, nikala nimesimama.

Wageni walilala hotelini mpaka saa tisa. Mimi nilipanga risiti, nikabadilisha dola mbili zilizokataliwa kwa kuchanika kidogo pembeni, nikajibu simu ya ofisi, nikamnunulia mtu ORS.

Hekalu la Ta Prohm sikumbuki tulifika saa ngapi. Alasiri, hivyo tu. Miguu ilikuwa inawaka. Hapo ndipo mizizi imeshuka juu ya paa kama nta iliyoyeyuka, imekumbatia milango, na sasa ukiung'oa mti unaangusha ukuta. Jayavarman aliliweka wakfu mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake. Maandishi ya jiwe lake yanataja watu 12,640 walioishi ndani, wakiwemo wachezaji 615. Nikitamka namba hizo huwa naona magofu ya Husuni Kubwa ya kwetu, kuta za matumbawe, na baba yangu akivusha wageni kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Mwaka 2004 UNESCO iliitoa Angkor kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka huohuo ikaiingiza Kilwa, ikakaa humo mpaka 2014. Nilitaka kuwaambia hilo. Nikahesabu kwanza, nikapata kumi.

Nikahesabu tena. Kumi. Ta Prohm ni vichochoro, milango iliyoziba, nyua zinazofanana. Nilimwacha Bong na wengine kivulini nikarudi nilikotoka, naita kwa Kiswahili, watalii wananishangaa. Uani hayupo. Chini ya mti hayupo. Jasho limeingia machoni, nafikiria presha, kisukari, jua, mke wake aliyeniambia uwanja wa ndege "nakukabidhi". Sijui ilikuwa dakika ishirini au arobaini.

Nilimkuta nje, kwenye njia ya kutokea, mbele ya bendi ya waathirika wa mabomu ya ardhini wanaopiga muziki hapo kivulini. Ni yule mzee mwanajeshi. Alikuwa amekaa chini mbele ya mpiga ngoma asiye na mguu, kofia mkononi. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Akaniambia bila kunitazama, "Mwanangu, nipe dakika mbili." Nikampa.

Wengine waliomba tupande kilima cha Phnom Bakheng kutazama machweo. Nilikataa, wakaninunia ndani ya basi, kisha wakalala wote.

Usiku, baada ya chakula, nilikuwa mezani peke yangu napanga safari ya kesho ya hekalu la Banteay Srei. Mama Mwalimu akashuka na shati langu. Ameshalifua, na kwa joto lile limekauka.

"Huko juu wewe ulipanda lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi, mama."

Akanitazama kama anatazama mwanafunzi aliyekosa somo. Akavuta kiti, akakaa.

"Basi sikiliza. Ngazi ni za mbao, wamezilaza juu ya zile za mawe, na zimesimama wima. Ukifika unakuta ukumbi unaozunguka pande zote nne. Madirisha yake yana nguzo za mawe zilizokerezwa, kama miguu ya vitanda vya kwenu Pwani. Upande wa magharibi unaona njia yote tuliyoijia, imenyooka. Upande wa ngazi nikachungulia chini nikakuona umekaa na mabegi yetu, na fulana yako, unahesabu kwa kidole."

"Nilikuwa nahesabu mabegi, mama."

"Yalitimia?"

"Yalitimia."

"Haya. Sasa nikueleze pembe za minara."