Kalos: mzuri, mwema, au vyote?

Katika vivumishi vya Kigiriki cha kale hakuna ninachokipenda kama kalos, na wewe uliyekulia kwenye ngeli usikiogope, maana mtindo ni uleule, kivumishi kinaifuata nomino yake: ya kiume kalos, ya kike kalē, na ile isiyo ya kiume wala ya kike kalon. Halafu mwisho wake unabadilika tena kutegemea nomino inafanya kazi gani kwenye sentensi, ndo unakutana na kalou, kalēn na wenzao. Kulinganisha nako kinageuka chenyewe, kalliōn mzuri zaidi, kallistos mzuri kupita wote.

Maana yake sasa ndo tamu. Kuna mazungumzo aliyoandika Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, humo Socrates anamuuliza Hippias, mwalimu maarufu wa zama zao, to kalon, yaani kilicho kizuri, ni nini hasa? Hippias anajibu fasta: parthenos kalē kalon. Ebu angalia, kivumishi kimoja, sura mbili ndani ya maneno matatu, na Kiswahili kinaimeza bila shida, msichana mzuri ni kitu kizuri. Socrates hamwachii, je farasi jike mzuri? Na chungu je, kile kilichofinyangwa na fundi, laini, cha mviringo, kimechomwa vizuri, kina mikono miwili na kinaingia khoe sita, yaani karibu lita 20? Hippias anaona chungu ni kuvunjia mada heshima lakini kwangu mimi chungu ndo kinafungua neno lenyewe, kwa sababu kalos sio sura tu, ni kitu kufaa kwa kazi yake, ni tendo la heshima pia. Kinyume chake, aiskhros, ni mbaya wa sura na hapohapo ni wa kutia aibu.

Ndo maana Yohana 10:11 inanigusa sana. Kigiriki kinasema ho poimēn ho kalos, Biblia yetu inasema mchungaji mwema, na wafasiri wako sawa kabisa, huyu anautoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Ila agathos, neno la kawaida la Kigiriki la mwema, lilikuwepo na halikutumika, kwa hiyo nikisoma namuona mchungaji ambaye wema wake unavutia hata kwa macho. Na ile ho ya pili usiiruke jamani, ho ni kama the ya Kiingereza, ndo inayokifunga kivumishi kwenye nomino, ukisema kalos ho poimēn tayari ni sentensi nzima, mchungaji ni mzuri.