Kiinua mgongo cha siri

Leo nimerudi tena halmashauri kuulizia malipo ya mkurugenzi anayeondoka. Karani akanitazama kana kwamba nimekuja kumdai yeye. "Hilo ni suala la siri, ndugu yangu." Siri gani? Mshahara wake umo kwenye bajeti, na bajeti yenyewe imebandikwa ukutani, nyuma ya kichwa cha karani huyo huyo!

Kwa nini anaondoka, hayo yake. Mimi nataka mchanganuo tu: likizo ambazo hakuchukua ni kiasi gani, malipo ya notisi kiasi gani, na hicho kiinua mgongo cha juu yake kimo kwenye mkataba au madiwani wamekipitisha wakiwa wamejifungia? Nimeacha barua, nakala yangu imegongwa muhuri. Jumatatu wataniona tena.