Ndoano ya migebuka, nimeifunga mwenyewe

Wavuvi wenzangu wa Kigoma, tazameni hiki chambo. Nimekifunga kwa unyoya mweupe wa kuku na waya wa shaba niliouchomoa kwenye mota iliyoungua. Mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, anakula dagaa, na dagaa ni mwembamba, anang'aa, kwa hiyo ukijaza manyoya unaharibu. Nyuzi chache tu za unyoya, zipite kidogo nyuma ya ndoano.

Kazi yenyewe iko kwenye uzito. Waya unauzungusha kwa kuubana, mzunguko ukigusana na mwenzake, ukianzia karibu na tundu la mshipi. Ila usilifikie kabisa, acha nafasi ya fundo la mwisho. Uzito ukikaa mbele, ndoano inatangulia kuzama kichwa. Ukivuta inainuka, ukilegeza inazama tena. Mgebuka anaona dagaa aliyejeruhiwa, hangoji! Hata wanaovua trauti kwenye mito ya baridi huko Ulaya huviringisha waya kwenye vindoano vidogo ili vifike chini kwenye mawe, wanakoishi funza wa wadudu wa majini.

Mimi nazifunga kadhaa kwenye mshipi mmoja, chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, chini kabisa. Jana usiku nje ya Kibirizi, kwenye mwanga wa taa, migebuka walizigombania kwelikweli. Namshukuru sana mzee wangu wa Katonga aliyenifundisha kuushika uzi kwa meno huku vidole vikizungusha. Anayetaka kujifunza aje mwaloni jioni, waya bado ninao.