Usiku Jitu Lilipokufa Mapema

Mwezi wa Februari mwaka 2018, nikiwa mwanafunzi mjini Madison katika jimbo la Wisconsin, nilikubali kuendesha mchezo ambao kabla ya hapo nilikuwa nimeucheza tu kama mgeni mwalikwa. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, mwendo wa gari usiofika saa mbili kutoka hapo nilipokuwa nikiishi. Watu huketi kuzunguka meza, kila mmoja akashika nafasi ya mhusika mmoja, mwizi au kasisi au mpiga upinde, na mmoja wao, ambaye nitamwita mwendeshaji, huwabeba wengine wote waliobaki duniani: wenye nyumba za wageni, askari, wafalme na madubwana. Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa.

Mtu aliyekulia kwenye hadithi za paukwa pakawa atadhani kazi hiyo ni nyepesi, nami nilidhani hivyo. Lakini bibi akisema sungura aliingia pangoni, sungura ameingia, hakuna mjadala. Katika mchezo huu wasikilizaji wanaweza kukataa pango, wakageuka na kurudi sokoni kununua kamba, na mwendeshaji analazimika kujua papo hapo muuza kamba ni nani na ana tabia gani. Ndiyo maana anaandika kumbukumbu, na ndiyo maana mimi nilitumia wiki tatu za baridi kali nikinakili madubwana kwa mkono katika karatasi zipatazo sitini, nikazitoboa na kuzipanga kwenye faili la ringi kwa utaratibu wa alfabeti.

Niliandika kwa Kiswahili kwa makusudi, ili mwenzangu wa upande wa pili wa meza asiibe siri kwa jicho. Yule anayeitwa goblin nilimpa jina la kibwengo, ogre akawa zimwi, na troll nikalibatiza jitu. Chini ya kila jina nilipanga namba kama zilivyokuwa katika kitabu cha madubwana cha mchezo huo, toleo la mwaka 2014. Kibwengo, kwa mfano, alikuwa na kinga 15, maana yake anayemshambulia akitupa dadu ya nyuso ishirini na kuongeza nyongeza yake, lazima afikishe 15 ndipo pigo lipate. Na alikuwa na uhai 7, ambao kila pigo hupunguza. Kitabu kilikuwa na hata jini na afriti. Afriti alipewa kinga 17 na uhai 200, na nilipokuwa nikiandika namba hizo nilijiuliza wazee wa kwetu Tanga, ambao hawalitaji jina hilo baada ya magharibi, wangesema nini wakimwona afriti amehesabiwa kama magunia ya korosho. Niliandika pande zote mbili za karatasi, kwa sababu nilikotoka mtu haachi upande mmoja mtupu.

Vikao viwili vya kwanza vilipita salama, na leo naelewa kwamba vilipita salama kwa kuwa wachezaji walifuata njia niliyowawekea. Katika kikao cha tatu hawakuifuata. Tulikuwa watano katika jiko la mwenyeji wetu, mtu mzima kuliko sisi wote, aliyeanza kucheza miaka ya themanini. Ziwa Mendota lilikuwa limeganda huko nje, na mimi nilikuwa nimeandaa daraja lenye jitu chini yake. Badala ya kwenda darajani, wakarudi kwenye nyumba ya wageni waliyolala katika kikao cha kwanza.

Mwenye nyumba ile nilikuwa nimemwandikia ukurasa mmoja na nusu: alikozaliwa, vita alivyopigana, namna baba yake alivyofariki. Mchezaji wa kasisi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Je, bado unataka tukutafutie nyumbu wako?" Nilipitia ukurasa wote kwa macho. Hapakuwa na nyumbu. Nilikuwa nimemtunga nyumbu huyo kwa mdomo mwezi mmoja kabla, nikawaahidi kulala bure wakimrudisha, na ahadi hiyo sikuiandika popote, ingawa niliandika jina la kijiji cha mama yake mzazi. Nikasema nyumbu ameshapatikana. Mwenzake akafungua daftari lake na kunisomea maneno yangu mwenyewe, pamoja na rangi ya mnyama. Alikuwa wa kijivu, mwenye sikio moja lililokatwa.

Darajani, walipofika hatimaye, mambo yaliharibika zaidi. Nilikuwa nimepanga vibwengo sita, zimwi moja na jitu, na alfabeti niliyokuwa nikijivunia ilinigeuka, kwani zimwi lilikuwa nyuma kabisa ya faili, vibwengo katikati, na kila zamu nilifungua mbele, nikarudi nyuma, nikaweka kidole huku nikitafuta kule. Katika chumba kile chenye watu wanne wanaongoja, mlio wa karatasi kugeuzwa ulikuwa kama wa mtu anayekula muwa msikitini. Mmoja aliinuka akaenda kukaanga bisi. Jitu, lenye uhai 84, lilianguka katika raundi ya tatu, wachezaji wakashangilia, wakauacha mwili wake ukingoni mwa mto na kuendelea na safari. Mwenyeji wetu alitabasamu tu, hakusema neno.

Wenzake walipoondoka alinibakisha. Akaniambia jitu langu limekufa mapema, kisha akanionyesha kwa kidole sehemu ya maelezo yake ambayo, kwa kukosa nafasi, nilikuwa nimeimalizia upande wa pili wa karatasi, juu ya kichwa cha kibwengo: kila mwanzo wa zamu yake jitu hujiponya uhai 10, isipokuwa limechomwa moto au tindikali, nalo hufa pale tu linapoanza zamu likiwa na uhai sifuri na likashindwa kujiponya. Hakuna aliyekuwa amelichoma. Nilitaka meza inimeze.

Hakunicheka. Alikwenda chumbani akarudi na faili nene la ringi, kubwa kuliko langu. Lilikuwa toleo la madubwana la mwaka 1989, ambalo kampuni iliyokuwa ikichapisha mchezo huo ililiuza kama karatasi zilizotobolewa, kila dubwana na ukurasa wake, ili mnunuzi aongeze mapya kila yakitoka. Tatizo, alinieleza, ni kwamba kila karatasi ina pande mbili, na upande wa pili kulikuwa na dubwana mwingine. Mapya yalipokuja, hapakuwa na namna ya kuyachomeka katikati bila kuvunja alfabeti. Mwaka 1993 kampuni ilirudia kitabu kilichojalidiwa. Nilifarijika kidogo kusikia kwamba watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo waliangukia shimo lilelile.

Nilifika chumbani kwangu saa sita usiku, na kwa kuwa Tanga ilikuwa tayari asubuhi, nilimpigia mama dukani kwake Ngamiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko si usiku wa manane? Unaumwa?"

"Siumwi. Karatasi zangu zimenivuruga."

"Za mtihani?"

"Hapana, mama. Za mazimwi."

Alinyamaza kidogo. "Mazimwi," alirudia. "Na nauli yote ile tuliyochanga."

Kabla sijajitetea nilisikia sauti ya mtoto akiomba mafuta ya kula, kisha ukurasa mmoja ukigeuzwa, mmoja tu, na mama akimwambia, "Mwambie mama yako bado elfu mbili na mia nne, na ndoo yangu irudishwe." Haikuchukua muda wa pumzi moja.

Daftari lile nimelijua tangu sijajua kusoma. Mama hapangi wateja kwa majina. Anapanga kwa nyumba, kuanzia msikitini kushuka hadi kisimani, kwa sababu mtoto anayetumwa hasemi yeye ni nani, anasema katoka nyumba ya kona. Kila nyumba ina ukurasa wake, na mkopo ukilipwa hukatwa kwa mstari. Juu ya ukurasa kuna kiasi na kitu chochote alichoazima mtu, na pembeni, kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni, zipo zile habari ambazo mteja aliyeegemea kaunta hapaswi kuzisoma: huyu huahidi Ijumaa hulipa Jumatatu, yule usimdai mbele ya mumewe. Humo hamna mtu alizaliwa wapi wala baba yake alifarikije, ingawa mama anayajua yote hayo na mazishi mengine aliyapikia.

Jumamosi ile nilinunua kadi ngumu za inchi 3 kwa 5 na bahasha kumi. Niliandika upande mmoja tu, na hilo liliniuma kuliko kazi yote. Mstari wa kwanza wa kila dubwana haukuwa tena kinga wala uhai, bali kile atakachofanya mwanzo: kibwengo hupiga kisha hujificha, zimwi humkimbilia aliye karibu. Namba zilishuka chini yake, na mwishoni nikaweka kinachomzuia. Kwa watu niliandika mambo matatu: anataka nini, ameahidi au anadai nini, na utamtambuaje akifungua mdomo. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye nilikuwa nimemmalizia ukurasa na nusu, alibaki na maneno yasiyozidi kumi na tano, matano kati yake ya nyumbu. Kisha nikagawa kadi kwenye bahasha kwa mahali: daraja, soko, msitu, nyumba ya wageni. Vibwengo walikuwa msituni na darajani pia, kwa hiyo niliwaandika mara mbili. Mtu aliyesomeshwa kuogopa marudio huona hilo ni uvivu wa kupanga, nami mkono ulisita, lakini bahasha moja ilitakiwa ijitosheleze.

Wiki mbili baadaye tuliketi tena. Waliporudi kwa njia ya daraja, nilichomoa bahasha moja, nikapanga kadi tatu mezani, na jitu walilolishangilia likasimama kutoka majini likiwa na uhai wake wote 84. Kwa mara ya kwanza nilikuwa natazama nyuso zao badala ya karatasi, ndipo nikamwona mchezaji wa mwizi, ambaye hakuwahi kuniambia kwamba muhula ule alikuwa amejiandikisha darasa la Kiswahili hapohapo chuo kikuu, ameinamisha shingo akisoma kadi yangu juu chini, midomo ikicheza.

"Mo-to," alisema. Halafu akawageukia wenzake: "Nani ana mwenge?"

Jitu liliungua raundi mbili baadaye. Kadi za msitu, zilizofuata, pembeni niliziandika kwa herufi za Kiarabu.