Wiki kumi chini ya maktaba, na kanda za msondo

Kanda ya zamani ikianza kuoza hunuka siki. Nilijifunza hilo asubuhi ya kwanza, nimeinamia boksi lililoandikwa kwa wino uliofifia “Tanganyika, Tanga, 1962, nyimbo za harusi”. Ndani yake mlikuwa na rili 23, yaani magurudumu ya kanda za sauti. Msimamizi wangu alisimama pembeni akaniambia ninuse kabla sijagusa chochote. Kisha ninyanyue rili niielekeze kwenye taa: mwanga ukipenya kwenye mkanda uliovingirishwa, ni asetati, usipopenya, ni poliesta, aina mbili za plastiki ya mkanda. Zote 23 zilipenya. Kuna kanda za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake imenyonya unyevu zikawa zinanata, na hizo huokwa kwa moto mdogo saa kadhaa ili ziweze kuchezwa mara moja na kunakiliwa. Ya asetati ukiifanyia hivyo umeiua.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili Marekani, fani ya maktaba na nyaraka, na lile lilikuwa likizo langu la kwanza la majira ya joto. Kwetu tungesema nimekwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo. Wadogo zangu wa Tanga na Dar es Salaam wananiuliza sana nilivyoipata nafasi ile, kwa hiyo hilo nalisema mapema.

Maombi ya fildi za majira ya joto hufungwa mapema mno, nyingi kati ya Januari na Machi, wakati wewe bado unapambana na baridi na mitihani. Niliomba sehemu mbili nje ya chuo nikakataliwa zote. Nikiisoma leo barua niliyowapelekea naelewa kwa nini. Iliandika kwamba naupenda utamaduni wa kwetu, kwamba wazee wakifa maktaba inaungua, kwamba nina hamu ya kujifunza. Kila mwombaji anaandika hivyo. Barua ya tatu niliiandika upya kabisa. Nilieleza kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikimrekodi bibi yangu hadithi na vitendawili kwa simu, na kwamba kila faili nimelipa tarehe, mahali, jina la msimuliaji na jina la aliyekuwepo akisikiliza. Nikaambatanisha ukurasa mmoja wa daftari langu, picha tu ya ukurasa, na mistari niliyoifuta ikiwemo. Msimamizi aliniambia baadaye kwamba ukurasa ule ndio ulioniita kwenye usaili.

La viza nalo mlijue. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo chake saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na muda wote likizoni. Nje ya chuo ni hadithi nyingine: unahitaji kibali cha mafunzo ya vitendo kinachofungamana na masomo yako, na kwa kawaida lazima uwe umesoma mwaka mzima kwanza. Mimi niliipata nafasi ndani, kwenye chumba cha chini cha maktaba niliyokuwa nikipita mbele ya mlango wake kila siku. Malipo yalikuwa kwa saa, madogo, lakini yalilipa chumba na chakula. Fildi zisizo na malipo zipo nyingi katika kazi hii na nasema wazi kwamba si haki. Anayeweza kukaa wiki kumi bila mshahara katika mji wa gharama ni yule ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia, na nyaraka za watu wote zinaishia mikononi mwa watoto wa watu wachache.

Basi, kazi. Wiki mbili za mwanzo sikusikia hata wimbo mmoja. Nilihesabu, nikapima, nikaandika hali ya kila rili kwenye jedwali, nikabadilisha maboksi ya zamani kwa maboksi ya karatasi isiyo na asidi. Fundi wa sauti ndiye aliyenakili kwenye kompyuta, kwa ubora wa juu (sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24), nami nilikaa pembeni na vipokea sauti masikioni nikiandika dakika na tukio. Mtafiti aliyerekodi kanda hizi mwaka 1962 alikuwa akibana matumizi ya mkanda: anaanza kwa mwendo wa inchi saba na nusu kwa sekunde, halafu katikati anahamia mwendo wa nusu yake bila kuandika popote. Sisi tukiendelea kuicheza kwa mwendo ule wa kwanza, ghafla akina mama wa watu wanaimba kwa sauti za vitoto. Fundi alikuwa anasikia vyombo; mimi nilikuwa nasikia maneno, nikimnyooshea mkono pale maneno yanapoanza kwenda mbio.

Kuna kitu kingine hutokea kwa kanda iliyokaa miaka mingi imevingirishwa. Sauti ya tabaka moja huhamia kidogo kwenye tabaka lililoilalia. Kwa hiyo sekunde chache kabla mwimbaji hajaanza, unamsikia kwa mbali sana, kama yuko nyumba ya pili, halafu ndipo anaanza kweli. Nilipolisikia mara ya kwanza nilivua vipokea sauti nikatazama nyuma.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba majina yamo.

Kadi za maktaba ziliandika “mwanamke, takriban miaka 50, anaimba”, “wanawake watatu, wimbo na ngoma”. Lakini kwenye kanda yenyewe, kabla ya wimbo, mkalimani anauliza: “Jina lako nani, mama?” Na mama anajibu. Analitaja jina lake, na la baba yake, na mtaa, mmoja hata anataja jina la somo wake. Wamekaa humo miaka yote hiyo wamejitambulisha kwa adabu zote na hakuna aliyewaandika. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, jina lake lilibandikwa kwenye sahani kwa sababu kampuni ilitaka kuziuza, na mpaka leo tunalitaja. Hawa wa kwetu hawakuwa na wa kuwauza. Nilianza kuyakusanya majina, nikairudia kila kanda mara tatu, nne. Mwisho wa wiki ya tano nilikuwa na majina 31. Siyaandiki hapa, ni ya familia zao kwanza.

Lugha nayo ilikuwa imeandikwa “Kiswahili” boksi zima. Nusu yake ni Kizigua na Kibondei. Kizigua nakisikia, Kibondei nilihitaji msaada.

Rili ya kumi na nne ndiyo iliyonisimamisha. Kadi: “wimbo wa harusi, wanawake, ngoma moja kubwa”. Ngoma ilipoanza kupigwa mwili wangu uliijua kabla ya akili. Sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mwali mwenyewe, mlango umefungwa, makungwi wametuzunguka. Harusi kwetu ina nyimbo zake, vugo linapigwa hadharani, wanaume wanasimama barazani wanasikia na hakuna ubaya. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa msondo, ngoma ya unyago, na kwenye orodha ya kazi rili hiyo ilikuwa imepangwa kuwekwa kwenye intaneti, isikilizwe na yeyote, ifikapo Septemba.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilimpigia bibi. Tanga ilikuwa saa tisa alasiri.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Bibi, nimekuta kanda za zamani huku kazini. Za kwetu. Nadhani ni msondo.”

Akanyamaza. “Uko na nani hapo?”

“Peke yangu, nimefunga mlango.”

“Nisikizishe kidogo.”

Nikaisogeza simu. Haikufika nusu dakika. “Basi. Zima. Mambo hayo yamefikaje huko, na nani kayafungua?”

Nilimweleza habari ya mtafiti, na kwamba kwenye kanda akina mama hao wanasikika wanacheka naye, hawakulazimishwa. Bibi akasema kumwimbia mgeni mmoja ndani ya nyumba ni jambo lao na walikuwa na sababu zao. Kuwaimbia watu wote duniani hawakuulizwa. Sijapata mahali popote, darasani wala kwenye miongozo ya kazi yetu, maelezo ya ridhaa yaliyo wazi kuliko hayo.

Ijumaa nilikwenda kwa msimamizi nimeandika kurasa mbili. Nilitaka rili nne zifungiwe, zisikilizwe na wanawake waliochezwa unyago tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba sheria za chuo hazimruhusu kumzuia msomaji kwa sababu ya jinsia yake. Nilitoka pale nimekasirika, nikatembea mpaka jioni. Lakini alikuwa amenipa kitu cha kusoma, na usiku nilikisoma.

Kilikuwa habari za Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa Maine. Mwaka 1890 Jesse Walter Fewkes aliwarekodi kwenye mitungi ya nta, silinda zilizotumika kurekodia sauti kabla ya kanda, na hizo ndizo rekodi za kwanza kabisa kufanywa uwandani kwa wenyeji wa asili wa Marekani. Mitungi ilikuja kuhifadhiwa Maktaba ya Bunge, Washington, ambako kituo cha masuala ya utamaduni wa jadi kiliundwa kwa sheria mwaka 1976, na kuanzia 1979 kukawa na mradi wa kunakili mitungi ya namna hiyo na kuzirudishia jamii nakala. Lakini lililonigusa ni la miaka ya karibuni. Wapassamaquoddy wenyewe walikaa wakasikiliza upya, wakarekebisha majina ya nyimbo kwa lugha yao, wakaamua ipi isikilizwe na wote na ipi ibaki kwao, na rekodi za maktaba zikabandikwa alama zinazomweleza msikilizaji matakwa ya wenye mali. Karibu na kwetu, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954 imewapelekea Wakipsigis wa Kenya nakala za nyimbo alizowarekodi mwaka 1950. Njia ilikuwa imeshapitiwa na wengine.

Jumatatu nikarudi na ombi jingine, na hili lilikubaliwa karibu lote. Rili nne haziwekwi kwenye intaneti. Maelezo yake yanaandikwa upya kwa Kiswahili na Kiingereza, yanasema waziwazi kwamba hizi ni nyimbo za unyago zilizoandikwa kimakosa kuwa za harusi, kwamba wenye mila hii huzisikiliza wanawake waliochezwa tu, na msomaji anayefika mwenyewe chumbani anaombwa azingatie hilo. Nakala kamili ya rili zote 23 inakwenda Tanga. Kuhusu hizo nne, uamuzi wa kudumu unasubiri kauli ya wazee wa huko. Sikupata kufuli nililolitaka. Mwanamume akifika akaomba kusikiliza, atapewa. Mpaka leo jambo hilo linaniuma na nimelisema kwenye ripoti yangu ya mwisho.

Wiki nne zilizobaki niliandika. Ninaposema niliandika nina maana ya saa saba kwa siku, jina, mahali, lugha, aina ya wimbo, nani anapiga nini, dakika ya ngapi. Ukija kwenye kazi hii ukidhani utakaa na wazee chini ya mwembe, jua kwamba siku moja ya mwembe inazaa wiki mbili za jedwali, na wiki hizo mbili ndizo zitakazomfanya mjukuu wa mtu amkute bibi yake siku moja akitafuta.

Desemba nilirudi nyumbani na nakala kwenye diski mbili, moja begini, nyingine nimeishika mkononi safari nzima. Bibi aliita wenzake wawili. Mlango ukafungwa, watoto wakapelekwa kwa jirani. Yaliyosikilizwa na yaliyosemwa juu ya nyimbo zenyewe yamebaki mle ndani.

Naweza kusema hili moja. Kwenye rili ya kumi na nne kuna mpigaji ngoma asiyejitaja. Mkalimani anauliza, yeye anacheka tu na ngoma inaanza. Nilikuwa nimemwandika “hajulikani”. Mmoja wa wale wenzake bibi, mama mkubwa ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, aliomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza kile kicheko, akaomba tena. Mara ya tatu akalitaja jina, na jina la mama yake, na nyumba waliyokaa Pangani. Nililiandika kwenye daftari hapohapo, na usiku ule nikamwandikia msimamizi wangu alibadilishe kwenye orodha.

Amejibu kwamba limeshabadilishwa. Wamebaki waimbaji sita ambao majina yao hatujayapata. Bibi anasema wawili kati yao wana ndugu Muheza, nimeahidi kwenda naye baada ya Idi.