Siku moja na darubini iliyozimwa

Saa 12 asubuhi. Kompyuta kwanza, chai baadaye. Bando la usiku halikuniangusha: picha za M83, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) nje ya yetu, zimeshuka zote. Zilipigwa na GALEX, darubini ya NASA yenye kioo cha sentimita 50 tu, iliyorushwa Aprili 2003 na kuzimwa Juni 2013. Natazama kwa jicho la marehemu.

Saa 1:30. Mama mwenye nyumba anafagia uwanja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Jana mawingu yalitanda, kazi ilikwenda kweli?" Ilikwenda. Mwanga wa urujuanimno ninaoufuata, ule usioonekana kwa macho, unazuiwa na ozoni huko juu hata anga likiwa jeupe. Ndiyo maana darubini yake hupelekwa angani.

Saa 4. Hapa ndipo ninapopapenda. Naweka picha ya mwanga wa kawaida, kisha ya urujuanimno, narudia. Katika ya kwanza M83 imejikunja vizuri, ina mwisho. Katika ya pili mikono yake inachomoza nje kabisa, nyuzi zenye vidoto vya buluu, hadi miaka ya nuru 140,000 kutoka kitovuni. Kila kidoto ni kundi la nyota changa, kubwa, zenye joto kali. Nyota za aina hiyo huunguza fueli yake haraka na kufa mapema, kwa hiyo ukiziona ujue zimezaliwa juzi tu, kwa hesabu za anga. Urujuanimno ni daftari la kliniki ya wajawazito: galaksi gani bado inazaa, gani imekoma. (Galaksi kongwe nazo hutoa kidogo, kutoka kwa nyota zee. Zimeshanidanganya.)

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8. Dokta, msimamizi wangu, anainama juu ya jedwali langu. "Galaksi yako inazaa kuliko sungura." Kweli, namba zimezidi. Katalogi, yaani orodha ya vipimo, ilikuwa imeshafidia mwanga uliomezwa na vumbi la galaksi yetu, na programu yangu ikafidia tena. Aibu. Vumbi la ndani ya M83 ndilo gumu zaidi: humeza urujuanimno na kuutoa kama infraredi, mwanga wa joto, hivyo naongeza vipimo vya Spitzer, darubini ya infraredi ya NASA.

Saa 11 jioni. Namba zimetulia. Kidoto kimoja cha pembeni kinanisumbua. Huenda ni galaksi ya mbali nyuma yake. GALEX haioni vizuri kiasi hicho. AstroSat, setilaiti ya India yenye darubini ya urujuanimno, iliyorushwa 2015, ina jicho kali zaidi.

Saa 4 usiku. Nanunua bando jingine, naiweka simu dirishani ambako mtandao unashika, naanza kupekua hifadhi ya AstroSat.